Mguu wa Ndege Asiyezama

"Mama mudogo, kama ile simu haingelia, ungemuacha azame?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado shule ya msingi, siku tuliyokuwa tunatoka bwawani, matope yanakauka kwenye miguu yetu. Mwadi, mdogo wa mama yangu, hakunigeukia. Aliweka vizuri mzigo wa matete kichwani, akaniambia nitembee upande wa majani kwa sababu magari ya mawe yanapita. Basi. Sasa niko mwaka wa tano wa sekondari, na jibu nimelipata juzi tu. Lakini mtu hawezi kulielewa kama hamjui Mwadi, hamjui Germain, na hamjui ndege yule.

Nianze na Mwadi. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na kinyongo anakiweka kama watu wengine wanavyoweka chumvi nyumbani: hakikosekani hata siku moja. Kuna jirani hapa mtaani kwetu, Kikula, ambaye Mwadi hajamsalimia tangu kuku wa yule jirani ale mbegu zake za mahindi. Kuku mwenyewe aliliwa zamani, na watoto waliomla wamekwisha kuoa na kuolewa, lakini salamu haijarudi.

Mume wake, Kabongo, alipasua mawe ya chokaa kule Kakontwe mpaka kifua kikamshinda, akafa. Matanga yalikuwa hayajaisha, watu bado wamekaa chini, Germain alipofika na mkokoteni na vijana wawili. Germain ni mdogo wa marehemu. Alisema mali ya ndugu yake inarudi kwa ndugu zake. Wakatoa kitanda, wakatoa redio na sufuria kubwa, halafu wakapanda juu ya nyumba na kufungua mabati, bati moja baada ya lingine, wageni wa kilio wakitazama mbingu inavyoingia ndani. Mama yangu anasema Mwadi hakulia. Alikuwa anaokota misumari iliyoanguka karibu yake na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Mwisho Germain alimshika mkono Plamedi, mtoto pekee wa Mwadi, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka tu na mengine hayajaota.

"Mutoto ni wa kwetu," alisema mbele ya watu wote. "Weye utaolewa fasi ingine."

Wazee wa upande wa baba wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo desturi, walisema. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Na Plamedi akaondoka amekaa juu ya mabati, kwenye mkokoteni, akifikiri anatembezwa.

Mabati, Mwadi angeweza kuyasahau. Plamedi hapana. Tangu siku ile alikuwa na jambo moja tu la kuishi nalo: mtoto wake arudi, na Germain alipe.

Mvua zilikuwa karibu, na chumba hakina kitu juu. Akaenda bwawani, mbele ya Kakontwe, mahali ambapo kijito kinakwama na kulala, akakata matete na kufunika nyumba yake mwenyewe. Aliyasuka vizuri hata majirani wakaja kuangalia. Mmoja akaomba ukuta wa bafu, mwingine akaomba mkeka, na hivyo ndivyo alivyopata kazi. Lakini hata kazi hiyo aliifanya kwa hasira. "Kila tete nakata njo shingo yake," alikuwa anasema, na mundu unashuka. Kanisani kwetu, wakati wa maombi, alimwomba Mungu ayavunje magoti ya Germain. Mchungaji alimshauri kwa upole abadilishe ombi. Akabadilisha, akaomba meno.

Mimi nilimfuata bwawani siku zisizo za shule, si kwa ajili ya matete, ni kwa ajili ya ndege.

Kule kati, ambako maji yamefunikwa na majani mapana ya yungiyungi, anaishi ndege mmoja mwenye rangi ya udongo wa matofali mekundu, shingo nyeupe mbele na nyeusi nyuma, kifua kimepakwa njano kidogo, na juu ya mdomo, kwenye paji la uso, bamba la buluu kama kipande cha sahani iliyovunjika. Baadaye nilikuta kwenye kitabu kwamba jina lake ni sile-maua. Ila kitu cha kushangaza ni miguu. Vidole vyake ni virefu kuliko vya ndege yeyote niliyemwona, na ukucha wa nyuma ni mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Anapotembea anavitawanya juu ya jani, uzito wote unagawanyika, jani linainama kidogo, linalowa pembeni, na kabla halijazama yeye amekwisha kuhamia jingine. Ukimtazama kutoka ukingoni utaapa kwamba anatembea juu ya nchi kavu. Chini yake hakuna nchi. Kuna maji, na chini ya maji kuna tope.

Kiota chake hata si kiota, ni majani machache yaliyolowa, yanayoelea. Mayai ni manne, yanang'aa rangi ya kahawia, yamechorwachorwa mistari myeusi kama mtoto aliyepewa kalamu kwa mara ya kwanza. Siku moja nilimwona ndege mwenye miguu mingi. Nilikimbia kumwambia Mwadi. Miguu miwili ilikuwa yake, na mingine mirefu, myembamba, ilikuwa inaning'inia chini ya mabawa. Alikuwa amebeba watoto wake kwapani, na miguu yao ilibaki nje. Mwalimu wetu ndiye aliyenieleza kwamba huyo mbebaji ni baba. Mama ni mkubwa kuliko yeye. Anataga, anamwachia dume mayai, na kwenda kutagia dume mwingine. Baba ndiye anayelalia, ndiye anayelea.

Nilipomweleza Mwadi habari hiyo nilifikiri atafurahi. Alisimama na mundu mkononi, akamtazama yule ndege.

"Kumbe hata kwenye mayi mutoto ni wa baba," akasema. "Nani alifundisha ndege desturi ya kwa Germain?"

Akachota donge la tope akamrushia. Lilimkosa. Ndege aliruka chini chini juu ya maji, miguu inaburutwa nyuma kama nyuzi zilizokatika, akatua mbali na kuinua mabawa. Toka hapo Mwadi alimchukia naye pia, kila siku tope.

Miaka hiyo yote Germain alikuwa anapanda cheo. Alikuwa shemasi katika kanisa lake, mwenye sauti, anayefukuza hirizi katika nyumba za watu na kuzichoma hadharani. Na alikuwa na shimo lake la madini upande wa Shinkolobwe, kule ambako watu wamekatazwa kuchimba na wanachimba. Plamedi alikuwa anabeba mifuko pale. Mwadi alikwenda kumdai mara nyingi, na kila mara alirudishwa langoni na maneno yaleyale: mtoto ni wa kwetu.

Halafu upande mmoja wa lile shimo ulibomoka. Vijana wote walitoka, wakikohoa vumbi, lakini hawakukubali kushuka tena. Kati ya wachimbaji wa pale lilikuwa linapita neno: mguu wa ndege asiyezama, ukikaushwa na kuvaliwa, ardhi haikumezi. Shemasi hawezi kumtuma mtu kitu kama hicho. Ndiyo maana Germain alikuja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwisho wa mvua, bwawa limejaa. Tulimwona anashuka kutoka barabarani na viatu vinavyong'aa, mkononi ana kitanzi cha uzi wa nailoni. Alipomtambua Mwadi alisita kidogo, kisha akacheka kama mtu wa nyumbani. Akamsalimia, akamwita shemeji. Akasema anatafuta ndege mmoja tu, na kwa kuwa Mwadi analijua bwawa, amwonyeshe pa kupitia. Mwadi akaendelea kukata. Akamuuliza ndege wa nini. Germain alitazama huku na huku, akashusha sauti, na nafikiri kweli aliona anampa habari njema.

"Ni kwa mutoto wako mwenyewe. Nitamufunga muguu yake kwa shingo. Siku ya kwanza Plamedi njo atashuka, wa kwanza, bale bengine bamuone. Akitoka muzima, bote batarudia kazi."

Mundu ulisimama. Nilimwona Mwadi anavuta pumzi na kuishikilia. Nilingoja ampige. Hakumpiga. Alinyoosha mkono kuelekea katikati ya bwawa, ambako yule dume alikuwa anatembea polepole juu ya majani, watoto wake wadogo nyuma yake, kila mmoja na vidole vyake visivyolingana na mwili.

"Si unamuona anatembea na batoto yake," alisema. "Pita pale."

Germain ni mtu wa ardhi kavu. Alivua viatu, akavipanga ukingoni, akakunja suruali. Hatua za kwanza zilikuwa juu ya mizizi ya matete, zikamshikilia, naye akapata moyo. Akaruka kwenye zulia la majani, akiinama, kitanzi mbele. Zulia likafunguka kama mdomo. Alishuka wima, bila kelele, mpaka kwapani. Vile vitoto vya ndege vilipotea vyote mara moja. Najua sasa kwamba vinazama chini ya jani na kuacha ncha ya mdomo tu nje ili vivute hewa, lakini siku ile nilidhani Germain amevikanyaga.

Alifungua kinywa apige kelele, kisha akakifunga. Barabara haikuwa mbali, watu, hata wa kanisani kwake, walikuwa wanapita. Mwadi alielewa kabla yangu.

"Lia," akamwambia. "Lia kwa nguvu, ba ku eglise basikie. Bakiuliza shemasi anatafuta nini ku mayi na kitanzi, minye mwenyewe nitabaelezea."

Germain akasema, kwa sauti ndogo, shemeji, nivute. Akajaribu kuinua mguu, na maji yakapanda kidogo. Mwadi akamwambia asitikisike, akitikisika atashuka zaidi. Akatulia kama kigingi.

Basi Mwadi akamwambia anachotaka, na alichotaka kilikuwa kimoja. Germain akaapa papo hapo, kwa jina la Mungu, kwamba mtoto atarudi.

"Mungu gani?" Mwadi alimuuliza. "Ule wa ku eglise, ao ule wa muguu ya ndege?"

Simu ya Germain ilikuwa kwenye mfuko wa shati, karibu na bega, juu kidogo ya maji. Mwadi akamwamuru aitoe, ampigie mke wake, Gertrude. Akaishika kwa mikono miwili juu ya kichwa ili isilowe, ikiwa kwenye kipaza sauti, kama mtu anayetoa sadaka. Mwadi alikuwa anasema, naye anarudia. Plamedi apandishwe pikipiki sasa hivi. Nguo zake zote. Apelekwe Kikula kwa dada ya Mwadi, yaani kwetu. Gertrude akataka kujua kuna nini, na mumewe akamwambia afanye anavyoambiwa.

"Muambie ni kwa siku zote," Mwadi alisema.

Bata wa maji alilia mahali fulani. Kisha Germain akasema: "Ni kwa siku zote."

Nilifikiri sasa atamtoa. Mwadi alinipa simu yake nimpigie mama, nimwambie amngoje Plamedi na akifika atujulishe. Kisha akarudi kwenye matete yake. Akakata. Akapanga, akakata. Germain yuko pale, kichwa na mikono, na sauti ya mundu haibadiliki. Aliahidi mabati. Mwadi hakugeuka. Akaeleza kwamba desturi si yeye aliyeitunga, kwamba wazee ndio waliosema. Akakasirika, akamwita mchawi, akasema Kabongo anamwona kutoka kaburini. Mwadi akasema Kabongo anaona vizuri sana, kwa sababu hakuna bati. Halafu Germain akalia, kimya kimya, machozi yanashuka na hawezi kuyafuta kwa kuogopa kusogeza mkono.

Ndege alirudi. Ndiyo sehemu ninayoikumbuka kuliko zote. Kwa kuwa mtu yule alikuwa hatikisiki, dume aliona ni kisiki. Alikuja kwa vidole vyake, jani kwa jani, akainua mguu juu kabisa na kuukunja kabla ya kuutua, watoto wakatokea mmoja mmoja na kumfuata. Akafika karibu na sikio la Germain. Akadonoa mdudu juu ya jani, akasimama, akamtazama kwa jicho moja.

Mwadi alicheka. Tangu kifo cha Kabongo sikuwa nimemsikia anacheka.

"Iko karibu," akamwambia. "Kamata muguu sasa."

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipolia. Ilikuwa mama. Plamedi amefika, ana kifurushi, mikono imechubuka. Mwadi akaomba mtoto apewe simu. Akamuuliza kama amekula. Akasikiliza jibu, muda mrefu kuliko jibu lenyewe, akazima simu. Alimaliza tete alilokuwa amelishika, akafunga mzigo, akausukuma juu ya maji mpaka kwa Germain. Naye akaukumbatia, akajiburuta, akatoka ukingoni mweusi mpaka kidevuni, akitetemeka. Viatu vya Germain, Mwadi alikuwa ameviingiza ndani ya mzigo wetu mwingine. Shemasi alirudi mjini miguu mitupu.

Ndipo nilipouliza swali langu njiani, na kuambiwa nitembee upande wa majani.

Mtu angefikiri hapo yamekwisha. Germain hakumdai tena Plamedi, kwa sababu kumdai kungekuwa kueleza. Lakini kanisani kwake alisimama akashuhudia kwamba Bwana amemgusa moyo, amemrudishia mjane mtoto wake, na watu wakampigia makofi. Habari zilipofika Kikula, Mwadi hakula siku ile. Kwake ilikuwa kama ameporwa mara ya pili. Tangu hapo, kila anapokutana na Germain sokoni, hasemi neno. Anatoa mguu kwenye kandambili, anautua chini taratibu, na kutawanya vidole. Ndiyo yote. Germain anabadilisha njia. Upande wa wauza unga hapiti tena, ananunua mbali, na mke wake hajui kwa nini. Kwenye harusi moja wazee walikuja kumwomba Mwadi asamehe, mambo ni ya zamani. Aliwajibu kwamba mabati ameyasamehe. Wakangoja aendelee. Hakuendelea.

Plamedi sasa anamzidi urefu, anajifunza kuchomelea vyuma, na hapendi kusikia habari za shimo.

Mwaka huu mvua zimechelewa. Bwawa limenywea, mayungiyungi yamelala juu ya tope kama nguo zilizoanguka kambani. Ndege wale hawapo. Bila jani linaloelea, vidole virefu havina kazi, ni mzigo tu. Wanahama kutafuta mahali ambapo maji bado yamelala na yamefunikwa. Juzi nilimfuata Mwadi nikitaka manyoya ya kuonyesha katika somo la biolojia, nikawa nazunguka ukingoni. Yeye aliingia ndani kabisa, kwenye matete ambayo miaka mingine hayafikiki. Tope lilikuwa linamfika mapajani. Mara akasimama.

Akakanyaga kwa kisigino. Akakanyaga tena. Akaweka mundu juu ya matete, akainama mpaka shavu likagusa tope, mkono wote ukapotea chini, anapapasa. Kisha akaniita.

Niliingia. Chini ya lile tope laini palikuwa na jiwe, jiwe la chokaa, lililolala sawasawa, pana kuliko meza ya kulia. Wanaweza kusimama watu watatu. Nilitazama ukingo, nikatazama mahali mizizi ya matete inapoishia, na hapo nikajua tuko wapi: pale pale alipozama Germain. Mwadi alikuwa amejua kabla yangu. Aliweka kiganja kwapani mwake, akatazama alama ya maji ya zamani kwenye mabua ya matete, akapima kwa macho.

"Alisimama," alisema. "Ile wakati yote alikuwa amesimama tu."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia: shemasi mzima, machozi, viapo, na miguu yake iko juu ya jiwe kama mtu aliye sebuleni. Angesogea kidogo tu kwa ujasiri angetoka mwenyewe. Nikamwambia Mwadi basi ni vizuri, hakuna mtu ambaye angekufa pale.

Yeye hakucheka. Alichukua mundu akalipiga lile jiwe kupitia tope, mara moja, na chuma kikalia. Uso wake ulikuwa uleule mama anaousimulia, wa kuokota misumari. Akanigeukia, na akajibu kitu ambacho sikuwa nimemuuliza siku hiyo.

"Siku moja, ungali mudogo, uliniuliza kama simu haingelia. Sikukujibu juu ulikuwa mutoto. Sasa sikia. Hii jiwe minye sikuijua. Ningefunga matete yangu, ningekukamata mukono, tungerudia kwetu, na usiku ningelala. Jiwe njo ingemukatalia kufa. Hapana minye."